Dhiraa tatu kwa mwenye baiskeli: barua ya wazi kutoka Ihumwa

Kwa waheshimiwa wenye dhamana ya barabara, usalama barabarani na mipango miji katika Jiji la Dodoma,

Kwa mnaostahili shikamoo, shikamooni. Wengine, habari za kazi.

Nimeendesha malori kwa miaka 27. Nimebeba saruji, mbolea, ngano na makontena kutoka Dar es Salaam kwenda Rusumo na Kabanga. Nimelala Gairo na Manyoni mara nisizoweza kuzihesabu, na mlima Sekenke nimeupanda enzi zile ukiwa bado unatisha. Macho yalipoanza kunisumbua usiku nilimrudishia tajiri wangu funguo kabla sijaua mtu. Sasa naishi Ihumwa, nafuga kuku, na siku nne kwa wiki nafunga trei za mayai kwenye keria ya baiskeli, Phoenix ya zamani, naelekea Soko la Majengo. Barabara ni ile ile niliyokuwa nikiipita na lori, ila sasa naipita kwa mwendo wa kuona kila kokoto.

Ninachokuja nacho kwenu ni bega la barabara. Ule upana mdogo wa lami uliobaki nje ya mstari mweupe, kabla ya udongo. Nilipokuwa dereva niliuona ni mahali pa kuegesha tairi likipasuka. Leo najua kwamba kwa mtu wa baiskeli hakuna barabara nyingine zaidi ya hiyo. Muuza mkaa anapita hapo, mwanafunzi anapita hapo, fundi ujenzi anayetoka Chamwino kutafuta kibarua mjini anapita hapo. Bega likiharibika au likikaliwa, wote hao wanahamia kwenye njia ya magari, na hapo ndipo ugomvi wa baiskeli na gari unapoanzia.

Niwaeleze asubuhi yangu ilivyo. Barabara ya Dar es Salaam inatoka mjini ikielekea mashariki. Saa moja asubuhi watumishi wanakwenda Mji wa Serikali Mtumba, na jua limewakaa usoni. Saa kumi na moja jioni wanarudi mjini, jua limehamia magharibi, linawapiga usoni tena. Mimi nakwenda kinyume chao nyakati zote mbili: asubuhi naingia mjini, jioni natoka. Jua liko mgongoni kwangu. Naona kila kitu, hata mkono wa dereva aliouweka juu ya nyusi kujikinga. Yeye anaona mwanga tu. Akichoka kufuata lori lililo mbele yake na kuamua kuovateki, anahamia upande wangu bila kujua kama kuna mtu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ninapomwona ametokeza ubavuni mwa lori, nina muda wa kufanya jambo moja tu, nalo ni kutoka nje ya lami.

Mwezi Juni mwaka huu nilitoka. Ilikuwa kati ya Ihumwa na Nanenane, mahali ambapo maji ya kifuku yamekula udongo hadi lami ikabaki imening'inia kama ukingo wa meza. Nilipima baadaye kwa mkono: shubiri nzima na vidole viwili. Gurudumu la mbele lilishuka, la nyuma likabaki juu, mzigo ukanisukuma. Nilikuwa na trei kumi. Kati ya mayai 300 niliokota 46 mazima. Gari lililonitoa lilikuwa jeupe, kubwa, na halikusimama. Aliyesimama ni kijana wa bodaboda. Alilibana gurudumu langu kati ya magoti yake, akaunyoosha usukani kwa kuuvuta taratibu, akafuta ute wa mayai kwenye mnyororo kwa kitambaa chake mwenyewe, akasema, "Pole mzee wangu, panda nione kama inakwenda." Hakutaka hata shilingi.

Dereva yule siwezi kumlaani, na sababu nawaambia wazi. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na semitrela iliyojaa, nilikuwa nakimbilia mizani ya Nala kabla foleni haijawa ndefu. Mbele yangu kulikuwa na mtu wa baiskeli na magunia mawili ya mkaa. Gari lilikuwa linakuja upande wa pili. Nilijiambia nafasi inatosha. Nikampita karibu kiasi kwamba utingo wangu, aliyekaa upande wa kushoto, alivuta pumzi kwa sauti. Kwenye kioo nilimwona yule bwana akiyumba, kisha akapotelea kwenye nyasi pamoja na magunia yake. Sikumgusa. Utingo alichungulia akasema, "Ameinuka." Sikusimama. Nilijiridhisha kwamba kwa kuwa sikumgusa, si mimi niliyemwangusha.

Ni mimi niliyemwangusha, na leo najua ni kwa namna gani. Gari refu likipita karibu na baiskeli kwa mwendo, kichwa cha gari kinausukuma upepo pembeni, na mwenye baiskeli anahisi kama amepigwa kibao begani. Ili asianguke anaegemea kuelekea barabarani. Mara tu kichwa kikipita, upepo unageuka, unamvuta kuelekea kwenye matairi ya tela. Kwa hiyo anasukumwa nje, kisha anavutwa ndani, vyote ndani ya sekunde moja au mbili, na huku ana mkaa au mayai nyuma yake. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwenye shule ya udereva. Nimefundishwa na matela yanayonipita mimi.

Lipo na jambo la vioo. Kwetu tunaendesha kushoto na dereva anakaa kulia. Mtu wa baiskeli yuko kushoto, upande ambao dereva wa lori haoni chini ya dirisha la utingo. Lori likisimama kwenye makutano likitaka kukunja kushoto, na baiskeli ikajipenyeza ubavuni, dereva hana habari. Kichwa kinakwenda mbele, tela linakata kona kwa ndani, linafuata njia fupi kuliko kichwa. Aliyesimama pale anabanwa kati ya tela na ukingo wa barabara. Ndugu zangu wa baiskeli, na nyie mnasoma barua hii: usijipenyeze kushoto kwa lori lililosimama, hata taa ikiwa nyekundu, hata ukiwa umechelewa sokoni. Kaa nyuma yake. Ukiona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye anaweza kukuona. Usipouona, jihesabu kwamba hupo.

Uzito hauko sawa. Katika nchi za Afrika Mashariki lori kubwa linaruhusiwa kufika tani 56 pamoja na mzigo. Mimi, baiskeli na mayai hatufiki kilo 130. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Ndiyo maana nasema wajibu ni wa wote wawili, lakini hauwezi kugawanywa nusu kwa nusu. Mwenye tani 56 akikosea, anayekufa ni mwingine. Mwenye baiskeli akikosea, anayekufa ni yeye mwenyewe.

Ombi langu la kwanza ni kipimo. Dereva wetu anaambiwa apite "kwa uangalifu", na kila mtu ana uangalifu wake. Nami siku ile ya Nala niliamini nina uangalifu. Wenzetu wameweka namba. Ufaransa dereva anatakiwa kuacha mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji anapoipita baiskeli. Ujerumani, tangu mwaka 2020, ni mita moja na nusu mjini na mita mbili nje. Hapa kwetu mita moja na nusu ni kama dhiraa tatu, kipimo cha wazee, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole mara tatu. Kila mtu anatembea na kipimo hicho mwilini. Naomba dhiraa tatu ziandikwe wazi kwenye sheria, zifundishwe shule za udereva, ziulizwe kwenye mtihani wa leseni, na zichorwe kwenye mabango ya barabara ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Arusha na ya Iringa. Anayeona dhiraa tatu hazipatikani kwa sababu kuna gari linakuja, asubiri nyuma ya baiskeli. Kwa uzoefu wangu wa miaka 27, kusubiri huko hakuzidi nusu dakika.

Sheria ya Usalama Barabarani tuliyonayo ni ya mwaka 1973, mwaka ule ule ulioamuliwa Dodoma iwe makao makuu. Mji ule wa 1973 na jiji la leo havifanani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, nimeona magari yakiongezeka mbele ya macho yangu, huku upana wa mahali pa kupita baiskeli ukibaki ule ule au ukipungua.

Unapunguzwa na mambo ambayo yanaweza kuondolewa bila fedha nyingi. Malori yanaegeshwa begani dereva akila. Daladala zinapakia hapo. Mchanga na kokoto za wajenzi zinamwagwa hapo, zinakaa wiki mbili. Wapo na wanaotanua: foleni ikisimama, mtu anatoa gari lake kwenye foleni, anakimbia begani kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, akikutana na baiskeli anapiga honi kana kwamba baiskeli ndiyo iliyovamia. Katika makosa yote ya madereva, hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine, kwa sababu hana hata kisingizio cha jua. Anakuona.

Halafu kuna rasta, yale matuta madogo madogo yanayopangwa kukatiza lami ili dereva apunguze mwendo. Najua kazi yake, na nilipokuwa dereva zimeniamsha usingizini zaidi ya mara moja. Lakini nyingi zimechorwa kutoka ukingo hadi ukingo, zikafunika bega lote. Gari linatetemeka kidogo na kupita. Baiskeli yenye trei za mayai, au tenga la nyanya, au dumu la maziwa, haipiti. Mwenye mzigo ana njia mbili: kuzunguka kwa nje kwenye udongo uliobomoka, au kushuka na kukokota. Wengi wanachagua njia ya tatu, wanaingia katikati ya barabara kutafuta mahali ambapo matairi ya magari yamezilainisha. Nafanya hivyo pia, Mungu anisamehe. Anayepanga rasta akiacha upenyo wa dhiraa mbili pembeni, gari haliwezi kuutumia na baiskeli inapita salama. Ni suala la mchoraji kuambiwa aishie wapi.

Nisije nikaonekana nawatetea wenzangu tu. Yapo tunayofanya sisi watu wa baiskeli ambayo dereva yeyote mwenye akili timamu yanamtoa jasho.

Kubwa kuliko yote ni giza. Muuza mkaa anaondoka kijijini saa tisa usiku ili awahi wateja wa alfajiri. Amevaa koti jeusi, gunia jeusi, baiskeli haina taa mbele wala kiakisi mwanga nyuma. Lori linalokuja nyuma yake limepigwa taa na basi linalokuja mbele. Katika sekunde zile mbili za kupofuka, dereva haoni chochote, na sheria ya mwendo wa kilomita 80 kwa malori na mabasi haimsaidii, maana hata kwa 60 hawezi kusimama kwa ajili ya kitu asichokiona. Nimewahi kugundua kuna mtu mbele yangu kwa sababu tu pedeli zake zilikuwa na vile vipande vya njano vinavyong'aa, vikipanda na kushuka gizani. Vipande viwili vidogo kuliko kiberiti vilimwokoa yule bwana, na viliniokoa mimi na jela. Baiskeli mpya nyingi zinakuja navyo. Tunaving'oa au vinavunjika, na hatuvirudishi.

La pili ni kupita upande usio wetu. Wengi tumefundishwa tukiwa watoto kwamba mtembea kwa miguu akae kulia aone magari yanayomjia, na hiyo ni kweli kwa mtembea kwa miguu. Mtu akipanda baiskeli amekuwa chombo, anakwenda kushoto pamoja na magari. Anayekwenda kulia anakutana na gari kwa mwendo wa wote wawili uliojumlishwa, na dereva anayetoka uchochoroni anaangalia upande mwingine kabisa.

Breki ya ndala nayo iishe. Mtu ana gunia mbili, anashuka mteremko, breki yake ni unyayo aliouegemeza kwenye tairi la nyuma. Fundi wa pale karibu na stendi anarekebisha breki wakati unamsubiri. Na magunia yanayotokeza pembeni kuliko usukani yapunguzwe, kwa sababu dereva anakadiria upana wako kwa kukuangalia wewe, haoni kona ya gunia mpaka ameigusa. Ukitaka kukunja, geuza shingo kwanza, kisha nyoosha mkono, kisha kunja. Wengi tunakunja kwanza.

Sasa, waheshimiwa, elimu hii haitamfikia muuza mkaa kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Mfuateni alipo. Jumamosi yuko mnada wa Msalato. Asubuhi yuko Majengo na Sabasaba. Kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama, magari yanakaguliwa na kubandikwa stika. Naomba baiskeli nazo zipangiwe foleni yao pale mnadani: fundi mmoja wa breki, boksi la viakisi mwanga, koti zinazong'aa kwa wanaosafiri usiku, na askari mmoja anayeweza kuongea na wazee Kigogo. Siku moja tu ya mnada itawafikia watu ambao redio haijawafikia kwa mwaka mzima. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 3 Juni kuwa Siku ya Baiskeli Duniani tangu mwaka 2018. Wakati huo mvua zimekwisha, mavuno yako ndani, watu wako barabarani na mizigo. Hakuna siku inayofaa zaidi kwa Dodoma.

Faini ziwe za pande zote. Anayeegesha lori begani bila dharura atozwe. Anayetanua atozwe zaidi. Na mwenye baiskeli anayekamatwa usiku bila kiakisi mwanga asinyang'anywe baiskeli, maana hiyo ndiyo sufuria ya watoto wake. Afungiwe kiakisi hapo hapo, alipie bei yake, aende. Nimeona baiskeli zikirundikwa kituoni miezi mingi, zimeota kutu, na wenyewe wamerudi vijijini kwa miguu. Hakuna aliyejifunza taa kwa njia hiyo.

Kuhusu barabara mpya nitasema machache, kwa sababu wataalamu mnazijua kuliko mimi. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu. Hivyo vyote vilikuwa vijiji vyenye vinjia vya baiskeli kabla havijaletewa lami. Kila mahali kinjia cha zamani kinapokatiza barabara hiyo, watu wataendelea kukatiza, iwe kuna kivuko au hakuna. Tembeeni na wenyeviti wa mitaa wawaonyeshe vinjia hivyo. Na kwenye vipilefti, tafadhali bega lisiishie ghafla likatutupa katikati ya magari, kwa sababu hapo ndipo tunapohitaji nafasi kuliko mahali pengine popote.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, za mitaa na vijijini chini ya TARURA. Mtu wa baiskeli anatoka kwenye moja na kuingia kwenye nyingine mara tano kwa safari moja. Ombi langu ni kwamba wahandisi wa pande zote mbili wakae meza moja na askari wa usalama barabarani, wamwite na mtu mmoja anayeendesha baiskeli kila siku, waanze na kipande cha Ihumwa hadi Nanenane. Nipo tayari kuwaonyesha. Nimekwisha kupaka chokaa nyeupe mahali saba ambapo ukingo wa lami umekatika, ili sisi tunaopita alfajiri tupaone. Chokaa hiyo haiwezi kuvuka kifuku kijacho.

Pale nilipoangukia pana alama mbili badala ya moja. Wiki iliyopita nimemkuta mtoto wa shule akishuka baiskeli kabla ya kufika hapo, akaikokota kwenye udongo, akapanda tena mbele. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema dada yake alianguka hapo. Mvua zinaanza Desemba. Ninaomba ukingo ule ufukiwe na kushindiliwa kabla ya hapo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Dereva mstaafu wa malori, sasa mwendesha baiskeli
Ihumwa, Dodoma